Siku Tisa za Kuchelewa

Kwa miaka ishirini na sita Sista, muuguzi wa zahanati, alikuwa katika chumba kile kile cha uzazi wa mpango, chenye dirisha lisilofungika na kitanda kinacholia kila mtu akikikalia. Kazi yake aliijua, na ole wako umwambie vingine. Wanawake walimwita Mama Kalenda. Ukija tarehe yako, unapata sindano yako ya miezi mitatu na utani juu yake: "Haya, toa bega. Hili nalo bega au bawa la kuku?" Ukichelewa, unarudishwa nyumbani ukangoje hedhi, asije akamchoma mwenye mimba. Ndivyo alivyofundishwa chuoni, basi.

Mwongozo mpya ulipoletwa, aliusainia, akautupa juu ya kabati ukiwa bado ndani ya nailoni yake. "Vitabu vinakuja na kuondoka," alimwambia mfamasia. "Mimi nipo."

Mwanamke mmoja, fundi cherehani, alikuja amechelewa siku tisa, alikuwa akimuuguza mama mkwe wake. Watoto wake watatu wote walizaliwa kwa upasuaji, na wa mwisho nusura aondoke naye. Daktari alimwambia waziwazi: wa nne usithubutu, kizazi hakitahimili.

"Sista, nakuomba, nichome tu."

"Mwanangu, utaratibu ni utaratibu. Rudi ukiwa kwenye siku zako. Kwa sasa chukua kondomu hizi."

"Baba watoto hataki hata kuziona."

"Basi mkimbie!"

Wakacheka wote wawili. Jamani, walicheka!

Siku zake hazikuja tena. Aliporudi na habari hiyo, Sista alingoja atoke, akaushusha mwongozo, akaichana nailoni kwa meno. Ukurasa wenyewe haukuwa mbali: aliyechelewa hadi wiki nne achomwe siku hiyo hiyo, hana haja ya kungoja hedhi. Alisoma mara tatu. Akakaa juu ya kile kitanda.

Kila mwezi fundi alikuja kupimwa, tumbo likikua, na wimbo wake ulikuwa mmoja. "Kosa langu, Sista. Ningewahi tu." Sista alifungua mdomo kumwambia, akaufunga. Aliona haya, na aliogopa pia, tusidanganyane. "Tumwombe Mungu," ndilo lililotoka.

Mwezi wa saba kizazi kilipasuka. Hakufika hata chumba cha upasuaji.

Msibani Sista alikaa mkekani na wanawake wenzake. Mama mkwe wa marehemu alijikokota hadi alipokuwa, akamshika mkono kwa vidole vyake vilivyokauka kwa ugonjwa. "Angewahi sindano yake, mwanangu. Alichelewa kwa ajili ya kuniuguza mimi. Mimi ndiye niliyemuua."

Maji yakishamwagika hayazoleki, lakini hapa palibaki neno moja la kusema, na aliyelijua ni yeye peke yake. Sista alichukua ncha ya kanga yake, akampangusa bibi wa watu machozi.

"Usiseme hivyo, mama," alisema. Lile neno moja akaondoka nalo.