Mkaratusi Uangukie Wapi

Ule mkaratusi mkubwa ndio ulioninyima usingizi. Mingine ilikuwa myembamba, na nilikwisha kuifunga vitambaa: vyekundu kwa ya kukatwa, vyeupe kwa ya kubaki. Mama alikuwa amerudishiwa kiwanja cha wazazi wake huku Rusizi, baada ya sisi kuvuka mpaka kutoka Bukavu. Lakini katika miaka yote ya ukimbizi kiwanja kiligeuka msitu, na ilibidi tuufyeke ndipo tujenge. Alitaka jambo moja tu: kaburi la mama yake lisiguswe. Mama mwenyewe alikimbizwa akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Alichoniambia ni kwamba liko mule ndani.

Nikajipa kazi ya kulitafuta kabla panga la kwanza halijaingia. Nilipita nimeinama, nikichokonoa majani taratibu kwa fimbo, maana vita viliacha vitu vibaya vichakani. Nilitafuta msalaba, saruji, hata mawe tu. Makaburi niliyoyajua ni ya Bukavu. Mama alikataa kuingia msituni. "Mukishafungua, nitaingia," alisema, nami niliogopa kumuuliza zaidi. Sikupata kitu. Nikapita upya, kuanzia chini.

Kukata miti sikufundishwa na mtu. Kupima urefu kwa kijiti nilijifunza peke yangu, nikikosea kwenye migomba. Upande wa juu wa mteremko, nyuma ya mkaratusi, palikuwa na nyumba ya jirani. Kushoto, njia ya wachota maji. Kulia, matofali yetu ya udongo, tuliyoyafyatua kiangazi kizima. Nilikuwa nimeyapanga mwenyewe, na safu ikipinda kidogo nilibomoa nikaanza tena. Upande wa chini palikuwa na vichaka viwili vya majani marefu kama panga, laini, visivyo na faida. Nikachora mshale wa majivu kuelekea chini. Naungama, niliupenda mshale ule.

Mkataji alikuwa mzee wa Rwimbogo. Aliuangalia mshale, akatema mate pembeni.

"Injeniere, muti iko na macho ya kusoma hii?"

"Wewe fuata tu, mzee."

"Nafuata. Nikikosea, utanipa zero."

Shoka likafungua kinywa kwenye shina, upande wa chini, ule wa kuangukia. Kilikwisha kuwa kirefu Mama alipofika na sufuria ya maharage. Vichaka vya mbele vilikuwa vimefyekwa, kwa hiyo kwa mara ya kwanza aliona ndani. Aliweka sufuria chini polepole.

"Ile mihati, nani aliipanda?"

Alikuwa akionyesha vile vichaka vyangu laini. Nikasema imejiotea.

"Umuhati haijioteake mbili mbili vile. Papa yangu aliniambiaka alipanda moja ku kichwa ya kaburi, moja ku miguu. Weye ulikuwa unatafuta nini?"

"Musalaba, Maman."

"Mama yangu hakubatizwaka."

Mzee alisimamisha shoka. Niliutazama mkaratusi, kisha mihati, na nikajua bila kijiti kwamba shina lingetua katikati yake.

"Tuuache usimame," nilisema.

"Na hii kidonda?" mzee akauliza. "Upepo ya ziwa ikikuja mangaribi, itachagua yenyewe. Juu iko nyumba, kushoto watu wanapita na maji. Inabakia upande ya kulia."

Kulia kulikuwa na nyumba yetu, bado ikiwa matofali, na mvua ilikuwa karibu. Nilianza kuhesabu mangapi tungeweza kuyahamisha. Mama hakuningoja nimalize.

"Angusha ku matofali."

Mzee alifungua kinywa kingine upande wa kulia. Mti ukawa unalia kwa ndani. Tulivuta kamba aliyoifunga juu ya shina, mimi na Mama, miguu ikiteleza, na kwa muda shina liliinama kuelekea chini, kuelekea mihati, likatulia pale kana kwamba linafikiri. Mzee akapiga mara moja tena. Likageuka, likaangukia matofali. Vumbi jekundu lilipanda hadi kwa jirani.

"Injeniere ulipima muzuri," mzee alisema alipomaliza kukohoa. "Imefika urefu ulisema. Tu upande njo ingine."

Sikucheka. Niliinama nikaanza kutenga matofali mazima na yaliyovunjika, nikipanga safu. Mama alikwisha kuingia. Alikuwa amekaa chini kati ya vile vichaka viwili, akiondoa majani makavu moja moja.

"Acha matofali," alisema. "Kuja unisaidie. Kichwa ni upande gani?"

Nilivitazama vyote viwili. Vililingana. Nikaketi kando ya kimoja, naye akasogea kando ya kingine, tukaendelea kusafisha.