Sura Inayoonekana Ukipiga Magoti

Mwaka mmoja mvua ya mawe ilipiga tumbaku yetu kule Ushetu, majani yakatoboka kama chekeche. Baba akacheka tu. Akaokota mawe yale, akatutia mdomoni sisi watoto mmoja mmoja, baridi mpaka meno yakauma. Hata leo nikinywa soda ya barafu namkumbuka. Lakini sikutaka kusema hilo. Nilitaka kusema kwamba tumbaku ilipokwisha, baba alikwenda Nyarugusu kuchimba dhahabu, na duara lao, yaani shimo, likamfukia. Picha yake hatukuwa nayo hata moja, maana kila mpiga picha alipopita kijijini yeye alijificha ghalani.

Miaka ikapita, tukahamia Buseresere. Mimi nimeshaoa. Siku moja mama akaanza kulia: "Sura yake inanitoka. Jana nimeitafuta, sikuiona."

Pale mjini alikuwepo mtu wa pwani, mtu wa kanzu na kofia, fundi wa kuandika mabango ya maduka. Nikamleta. Akawamba kitambaa cha amerikani kwenye fremu, akanikalisha barazani, kwa vile watu wote walisema nimefanana na marehemu.

"Tulia, kijana. Pua yako inahama."

Kwanza nilitoka mimi tu. Mama akatazama, akasonya. "Huyo ninaye, anamaliza ugali wangu kila siku. Mimi namtaka mume wangu."

Fundi akaongeza mvi, akanikunja paji. Nikazeeka pale kitambaani, huku nimekaa tu.

"Huyo ni mwanangu amezeeka," mama akasema.

Fundi akauliza, "Mama, marehemu ulikuwa ukimtazama ukiwa wapi?"

"Chini. Nikimsalimia, nikimnawisha mikono. Kwani kwenu mke anamkodolea mume macho amesimama, kama polisi?"

Fundi akacheka sana. Halafu akaacha kucheka. Akafuta uso wote kwa tambara, akapiga magoti vumbini na kanzu yake ile nyeupe, akaegemeza fremu kwenye kigoda, akaanza upya huku ananitazama kutoka chini.

Aliponyanyuka nikazunguka kuona. Kidevu kimekuja mbele, matundu ya pua wazi, macho yanateremka kutoka juu. Mimi sikuwemo tena mle. Nilikuwa mtoto mdogo, mdomo wazi, nangoja jiwe la mvua.

Mama, aliyekuwa ameingia ndani, akatoka. Akaona. Akashuka magotini palepale.

"Mwangaluka," akasema. Hiyo ni salamu yetu ya asubuhi, na jua lilikuwa linazama. Akainamisha kichwa, akangoja kuitikiwa.

"Fundi," nikanong'ona, "mkono mmoja wa baba bado hujauchora."

Fundi akamtazama mama, akaitazama ile sura. Akatumbukiza brashi kwenye kopo, akapita nyuma ya mama polepole, kama apitavyo mtu nyuma ya anayeswali, kanzu imejaa vumbi magotini, akashika barabara ya Biharamulo. Hakurudi tena, hata kufuata brashi zake.