Sinia la Pili

Siku ya mwanzo kula nyumbani kwa tajiri wetu Mutrah, ubavuni mwa Maskati, niliwekwa sinia la pili, na mie sikujua hata kama kuna la pili. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nimeshuka kutoka Unguja mwaka ule wa sitini na nne na sanduku la bati, baba kafa, mama nimemwacha kwa dada yake, na njaa niliyokuja nayo ilikuwa haichagui. Tulikuwa tumetoka kucheza mpira. Wenzetu wanane wakakaribishwa ndani kwenye sinia la wali na mbuzi. Sisi wanne tukaonyeshwa ua wa nyuma, karibu na birika la maji, tukaambiwa tungoje. Lilipotufikia, nyama ilikuwa imeshakwisha, imebaki mifupa na wali uliochimbwachimbwa na vidole vya watu. Nikala, nikadhani ndivyo wanavyokaribishwa wageni.

Aliyenifungua macho ni yule aliyekaa ubavuni pangu. Alikuwa mshambuliaji wetu, mtu mrefu, mweusi tititi, na mguu wake wa kushoto ulikuwa na akili kuliko vichwa vyetu sote. Kiswahili alifundishwa na bibi yake aliyeletwa kutoka Mrima, kwa hivyo alikuwa akisema Kiswahili cha kizamani, cha polepole.

"Wewe hujui?" akaniuliza. "Hili la makhadimu."

Khadimu ni mtumwa, au mtoto wa mtumwa, au mjukuu wake. Kwa watu wa pale ilikuwa yote mamoja. Na yeye hakuwa mjukuu wa hadithi, bali alikuwa na bwana wake hasa, shekhe mmoja wa bara, mwendo wa siku mbili kwa lori. Shekhe alimwazimisha kwa tajiri wetu kwa sababu tajiri alikuwa mgonjwa wa mpira. Sote kwa jina tulikuwa wabeba magunia wa ghala lake, lakini kweli yake tulikuwa tukilipwa tucheze. Maadamu yule bwana mshambuliaji anafunga mabao, anakaa Mutrah, analala anapotaka, anatembea sokoni kama mtu. Siku tajiri akimchoka, anarejeshwa kwa mwenyewe kumwagilia mitende. Hilo alinieleza siku ile ile, huku anavunja mfupa kwa meno.

Mie niliwekwa ua wa nyuma kwa rangi tu. Mama yangu ni Mswahili na nimemfuata yeye mzima mzima, sikuacha kitu. Miezi mitatu nilikula na wale watatu, na Wallahi sijacheka vile tena maishani mwangu. Yule bwana alikuwa akimwigiza tajiri anavyokaa kwenye kiti chake cha turubai, tumbo mbele, mwavuli juu, anapiga kelele "pasi! pasi!" na hajui pasi ni nini.

Kisha ami yangu akapata habari. Ami ni ndugu wa baba, ndiye aliyenipokea, mtu wa kanzu nyeupe na bakora, na tangu kunyang'anywa shamba lake Unguja alikuwa hana alichobaki nacho ila nasaba.

"Lahaula! Mtoto wa kaka yangu anakula masazo na makhadimu?"

Akachukua karatasi yake ya ukoo, akaenda kwa tajiri, akamsomea babu mmoja baada ya mwengine mpaka wa tisa. Tajiri akaona haya, akamshika ami mkono, akamwambia samahani, kijana tulimkosea. Ijumaa iliyofuata nikaitwa kutoka ua wa nyuma mikono yangu ikiwa imeshaoshwa. Nikamtazama rafiki yangu.

"Nenda, nenda," akaniambia. "Huko nyama imejaa."

Hakusema kwa kijicho. Na mie nilifurahi, niseme kweli, nilifurahi mno. Hilo ndilo kosa letu sisi tuliotoka Unguja: tulipowekwa mahali pa dharau tulikimbilia kuonyesha kuwa wamekosea mtu. Haikutupitikia kusema wamekosea jambo.

Miaka ikenda. Kiwanja kilikuwa bondeni, upande wa Hamriya, mchanga na kokoto tupu, kabla hapajawa na duka hata moja. Kila Ijumaa baada ya alasiri watu wetu wa Unguja walijaa upande mmoja, wanapiga kelele kwa Kiswahili mpaka Waarabu wenyeji wakawa wanatukodolea macho. Hawa ni watu waliopoteza nyumba na jamaa, wengine walizika bila ya maiti. Ule mpira ndio ulikuwa Unguja yao ya saa moja na nusu. Na mpenzi wao alikuwa yule bwana. Akigusa mpira tu, utasikia: "Fundi huyo! Fundi huyo!" Wakimletea mandazi, wakimpa mkono, wakimwita ndugu yetu. Mpira ukisha, yeye anakwenda ua wa nyuma na wao wanakwenda zao, wala hakuna aliyeuliza.

Mwaka wa sitini na nane mpishi wa tajiri alitusikilizisha redio yake. Weusi wawili wa Amerika, wakimbiaji, walipanda kupewa medali zao, wakainamisha vichwa na kuinua ngumi kwa ajili ya namna watu weusi wanavyofanyiwa kwao. Yule bwana akaniuliza walifanywa nini.

"Wamefukuzwa. Wamerudishwa kwao."

Akacheka kidogo. "Basi heri yao. Mie nikirudishwa kwetu, narudishwa kwa mtu."

Lakini lile jambo likamkaa kichwani. Wiki mbili hakuigiza mtu. Kisha akaniambia nia yake: mchezo unaokuja, na timu ya askari wa kambini, tajiri ataalika wakubwa wote. Yeye ataingia, atakaa chini katikati ya kiwanja, na hatacheza mpaka tajiri aseme mbele ya watu kuwa sinia litakuwa moja.

"Tajiri akikasirika?" nikamuuliza.

"Atanirudisha. Kwa hivyo nnataka watu. Nikikaa peke yangu mie ni khadimu mkaidi. Wakikaa watu wote, tajiri atafanyaje?"

Alikwenda mwenyewe kwenye kahawa sokoni, wanapokaa watu wetu, akawaeleza bila ya kuficha. Nilikuwapo. Walimpokea kwa vifijo, ungedhani ni harusi. "Ukikaa na sisi tunakaa! Hakuna mpira bila ya wewe!" Mmoja akampa kikombe chake mwenyewe cha kahawa, naye akanywa kabla hakijaoshwa, na hilo lilimfurahisha kuliko maneno yote. Mie nikaweka mkono juu ya kichwa chake, nikamwapia kwa Mwenyezi Mungu kuwa nitakaa ubavuni pake.

Siku yenyewe ilikuwa na upepo. Tajiri chini ya mwavuli wake, wageni pembeni, askari wanarukaruka kupasha miguu moto. Firimbi ikalia. Yule bwana akauchukua mpira, akaenda nao hadi katikati, akauweka chini, akakaa. Akasema kwa Kiarabu, sauti ya juu, wasikie wote: "Sili masazo tena. Sinia moja, au sichezi."

Wenziwe wawili wa sinia la pili wakasimama wanatazama vidole vyao vya miguu. Mie nikakaa. Nataka hilo lijulikane, maana sina jengine la kujisifia.

Watu wetu mwanzo wakacheka, wakadhani ni maigizo yake. Kisha wakaona kuwa si mchezo. Nikageuka kuwatazama, nikingoja waanze kukaa. Hakukaa hata mmoja. "Inuka bwana, jua linakuchwa!" mtu akapiga kelele. Mwengine: "Usitutie aibu mbele ya wageni!" Kisha zikaja kokwa za tende, moja, mbili, zikawa nyingi. Na yule aliyempa kikombe chake, yule yule, namwona hivi hapa: "Tumekupenda ndio ukatuvimbia kichwa, khadimu we!"

Bado nadhani wangetulia. Lakini akainuka mzee mmoja ambaye mtoto wake aliuawa Unguja, mwezi ule tuujuao, hata kaburi hajalijua. Machozi yanamtiririka.

"Ndiyo haya haya! Ndivyo walivyoanza! Mwanzo wanataka kukaa na wewe, kisha wanakuja na panga!"

Yarabi, pale pakabadilika. Nikaona nyuso za watu ninaowajua, watu walionilisha nyumbani mwao, zimeingia hofu ya kweli. Mtu mmoja kakaa mchangani, hana hata kisu cha kumenyea chungwa, na wao wameona panga. Nilitaka kuinuka niwatukane wote, mmoja mmoja, kwa majina yao. Nilijua pia yule mzee hakuwa akisema uwongo juu ya maumivu yake. Sijui mpaka leo ningemwambia nini.

Ndipo ami akaingia kiwanjani, na bakora yake, kanzu inapeperuka. Hakunigombeza. Alisimama mbele yangu, akawageukia watu na tajiri, akaanza kusoma nasaba yangu kwa sauti. Huyu ni mtoto wa fulani, mtoto wa fulani, aliyekuwa kadhi mahali fulani. Baba, babu, baba wa babu. Uwanja mzima unanisikiliza nikitenganishwa na mtu niliyekaa naye. Nilikuwa na kiapo shingoni. Alipofika babu wa nne, nikainuka.

Yule bwana hakunitazama. Alikuwa anachorachora mchanga kwa kidole.

"Nenda, nenda," akasema.

Wawili wa watu wa ghala wakamshika makwapa, wakamburura mpaka kwenye lori, wakamkalisha na magunia. Firimbi ikapigwa upya. Tulishinda mawili kwa moja, na bao la pili nilifunga mimi, kwa nafasi yake, na pasi ambayo zamani yote ilikuwa ikienda kwake. Watu wetu wakanibeba mabegani. "Fundi huyo! Fundi huyo!" Juu ya mabega yao nililiona lile lori, na yeye ndani yake amekaa, anatazama kwengine.

Baada ya magharibi tukakaa kula. Tajiri alinikatia ini kwa mkono wake, akaniwekea mbele yangu, akasema hili la mfungaji. Nilikuwa na njaa, nikala. Asubuhi ya pili lori likaondoka kwenda bara.

Mwaka wa sabini mambo yakageuka. Akaja mtawala mpya, ikatangazwa kuwa hakuna tena mtu wa mtu. Watu waliimba barabarani. Mie nilichukua ruhusa kazini, nikapanda lori siku mbili, nikaenda kumtafuta. Njia nzima nilikuwa najipangia maneno. Nitamwambia njoo Maskati, serikali inaajiri, nitakutafutia kazi, utacheza tena.

Nilimkuta kwenye mashamba yale yale ya yule shekhe, katika chumba cha udongo. Mguu wa kushoto anauburuza, ameanguka mtendeni, basi, hakutaka kueleza zaidi. Nikamwambia habari ya tangazo. Akasema amesikia. Nikamwambia kuhusu kazi. Akasema, "Kwa mguu huu?" na akaenda nyuma ya nyumba.

Akarudi na sinia. Wali, na vipande vitatu vya nyama, na sijui alivipata wapi, maana nyumba ile haikuwa na kitu. Akaliweka mbele yangu, akanimiminia maji nioshe mikono, kisha akasimama kando na kitambaa begani.

"Kaa tule," nikamwambia.

"Kula, shekhe. Mie nitakula utakachobakisha."

"Wallahi sili mpaka ukae!"

"Usiape," akasema. "Wali utapoa."

Nililia mbele yake, sioni haya kusema. Nikamwomba radhi, nikamtajia kiwanja, kiapo changu, babu wa nne. Alinisikiliza kwa adabu, kitambaa begani, kama unavyomsikiliza mgeni wa bwana wako. Hakukaa. Mwisho nikala kidogo, kwa kuwa kuacha kabisa ingekuwa kumtukana, na vile vipande vitatu vya nyama nikavisogeza upande wa pili, sikuvigusa.

Akaninawisha. Akalichukua sinia akenda nalo nyuma, na mie nikabaki nimekaa pale mkekani, nikamsikia kule anakula peke yake.