Maji ya Siku ya Matokeo

Bi Masouda wa Mawaleh, kule Uarabuni, akisikia kura zinahesabiwa, popote pale duniani, hujaza maji. Ndoo, masufuria, hata beseni la kufulia. Kisha hukomea mlango, na hatoki mtu. Mwenyewe huita tahadhari. Wanawe huita wazimu, lakini kwa kunong'ona, maana nani anautaka ugomvi na mama yake?

Mwaka ule wa elfu mbili na ishirini ndipo alipozidi. Marekani walikuwa wakichagua rais, na jimbo la Georgia, huko kusini, likachelewa kutoa jawabu. Wagombea walikaribiana mno, kura zikahesabiwa, zikarudiwa tena kwa mkono. Na Georgia ndiko alikokuwa akisoma mjukuu wake, Muatasim. Bi Masouda hakubanduka mbele ya televisheni, tasbihi mkononi. Conjesta, dada wa kazi kutoka Bukoba, alikuwa akiruka ndoo jikoni huku akiguna.

"Mama, kura za Marekani na ndoo zetu, wapi na wapi?"

"Hujui kitu wewe. Shukuru."

Alasiri moja matokeo ya mwisho yakatoka. Simu ikalia, Muatasim anacheka.

"Bibi, washatangaza, kumetulia. Nnatoka kununua mkate, nnarudi sasa hivi."

Ya Rabbi! Bi Masouda aliibana simu sikioni. Unguja nako, baada ya uchaguzi wa sitini na tatu, watu walisema yamekwisha. Januari yakaja mapinduzi. Bunduki ziliponyamaza, baba yake akafungua komeo. Kumetulia, akasema, nnakwenda kununua mkate, nnarudi sasa hivi. Masouda alikuwa mtoto wa miaka saba. Maji ya ndani yaliisha, na mkate haujaja.

"Nenda, lakini usikate simu," alimwambia mjukuu. "Nnataka kukusikia."

Akamsikiliza akishuka ngazi, akimsalimu muuza duka, akipanda tena. Conjesta aliacha vyombo, akasogea kusikiliza. Mwisho ukasikika ufunguo, na mlango ukafungwa.

"Nishaingia, Bibi. Nnakula."

"Alhamdulillahi. Kula, mwanangu."

Bi Masouda aliweka simu, akalia mpaka mtandio ukalowa. Conjesta alimwacha alie, kisha akainama kushika ndoo ya kwanza.

"Sasa nimwage, mama? Si ameshafika?"

"Usimwage. Huyo karudi," akasema Bi Masouda. "Baba yangu bado."