Dada Asiyeamini Muhuri

Dada yangu hanunui trei ya mayai mpaka aligeuze kila yai kwa mkono wake. Muuza mayai wa mtaani kwetu akimwona kwa mbali hutoa kigoda kabisa, akae wamalizane. Mimi husimama pembeni nikijifanya simjui.

Si kwamba ana gubu. Kazi ndiyo iliyomlea hivyo. Ana miaka kumi na tisa kwenye ghala la dawa, lile lenye vyumba vya baridi ambamo watu huingia na makoti mazito hata jua likiwa la utosi. Aliingia kama mpakuaji wa mizigo, akapanda akawa mhesabu masanduku, na sasa zamu nzima iko chini yake. Wenzake humwita Barafu, na si kwa sababu ya vile vyumba peke yake. Kuna siku lilifika lori la chanjo, hati zote zimetimia, mihuri imepigwa, dereva anatabasamu. Barafu akavua glavu, akazamisha mkono kwenye sanduku la katikati kabisa, akasema mzigo urudi. Meneja alifoka mpaka sauti ikamkauka. Maabara walipopima, ikabainika kuwa mtambo wa baridi wa lori ulizimika njiani na dawa zote zimeharibika. Tangu hapo meneja hatii saini kitu kabla ya kumuuliza Barafu.

Sasa mtu wa namna hiyo mkalishe kwenye mtihani wa kuingia chuo cha biashara uone.

Kampuni yao ilikuwa na nafasi moja ya kumsomesha mfanyakazi, ikampa yeye, kwa sharti afaulu mtihani huo. Hesabu alizimaliza bila jasho. Kilichomwangusha ni sehemu ya lugha. Humo unapewa kifungu cha habari au hoja fupi, kisha unaulizwa ni jambo gani lazima liwe kweli kutokana na ulichosoma, au ni lipi linaloidhoofisha hoja hiyo. Chuo kilitaka alama thelathini. Alipata kumi na tisa.

"Alama moja kwa kila mwaka niliokaa ghalani," aliniambia. Alikuwa amekaa kitandani, soksi za kazini bado ziko miguuni. Meneja amemwambia kuna kurudia mara moja tu, baada ya wiki sita. Ikishindikana, nafasi inakwenda kwa bwana mmoja wa idara ya mauzo, mtu wa suti na manukato. "Labda mimi si mtu wa kusoma, mdogo wangu. Akili imeota kutu."

Nilipandwa na hasira. Mimi ni fundi cherehani, niliishia kidato cha nne, na sijui hicho chuo kina milango mingapi. Lakini mwanamke aliyejifundisha kutengeneza mitambo ya baridi kwa kuwachungulia mafundi aje kuniambia ana kutu?

"Kutu iko kwenye mkasi wangu wa zamani," nikamwambia. "Lete hicho kitabu cha mazoezi."

Tukaanza siku ile ile, Jumamosi mchana, kwenye chumba changu cha mbele, mimi nyuma ya cherehani, yeye juu ya marobota ya vitambaa. Nikamsomea swali la kwanza kwa sauti. Kiwanda cha maziwa kiliacha magari ya baridi, kikaanza kutumia magari ya kawaida. Mwezi uliofuata malalamiko ya wateja yalipungua. Mkurugenzi akasema, mnaona, magari ya kawaida ni bora. Jambo gani linaidhoofisha zaidi hoja yake?

"Maziwa huharibika upesi kwenye joto," Dada akajibu, hata sijamaliza kumsomea majibu. "Lipo hapo?"

"Lipo. Na kuna hili lingine: mwezi huo huo kiwanda kiliacha kuwauzia nusu ya wateja wake."

"La kwanza. Huyo mkurugenzi afukuzwe."

"Dada, la pili! Kasema malalamiko yamepungua. Si walalamikaji wenyewe wamepungua?"

 Nikafungua majibu nyuma ya kitabu, na kweli lilikuwa la pili. Nilicheka mpaka sindano ikanichoma.

Lakini swali la nne ndilo lililonifumbua macho. Nalikumbuka neno kwa neno: Kila sanduku lenye muhuri wa kijani limekaguliwa. Sanduku hili lina muhuri wa kijani. Ni jambo gani lazima liwe kweli?

Mtoto wa darasa la tatu angejibu. Dada yangu alikunja uso.

"Haiwezekani kujua," akasema.

"Dada! Limekaguliwa!"

"Nani kalikagua? Wewe ulikuwepo? Muhuri anabandika mtu yeyote. Nimeshaona mihuri ya kijani imebandikwa na dereva."

"Lakini hapa wameandika kila sanduku..."

"Wameandika! Na lile lori la chanjo halikuwa limeandikwa?"

Alikuwa amesimama, mikono kiunoni, anabishana na kitabu kana kwamba kitabu kimeegesha gari mlangoni pake. Hapo nikaelewa. Hakuwa mjinga hata chembe. Kila swali alilifungua kama sanduku, akazamisha mkono, akajibu alichokikuta maishani, si kilichoandikwa. Kazini watu wanapona kwa tabia hiyo. Kwenye mtihani ilimla alama moja baada ya nyingine, na hakuna aliyemwambia.

Nikavuta daftari langu la vipimo. "Unamwona huyu? Mteja yuko nchi nyingine, simjui kwa sura. Shangazi yake kaniletea vipimo kwenye karatasi: kifua hiki, kiuno hiki. Nikate vipi?"

"Kwa karatasi."

"Na nikihisi kuwa kiuno hicho ni cha uongo? Maana shangazi mtu nimemwona, na ukoo ule si wa viuno vya aina hii."

Akacheka. "Utakata kwa karatasi."

"Ikimbana?"

"Ni juu ya aliyempima."

"Basi wenye mtihani ndio waliompima. Wewe hukuulizwa kama karatasi ni ya kweli. Umeulizwa, tukikata kwa karatasi hii, nguo itatoka vipi?"

Akakaa chini polepole. Akaniambia nisome tena swali la nne.

Kuelewa ni jambo moja, na mazoea yana taabu. Wiki nzima ya kwanza aliendelea kukagua malori yasiyokuwepo. Nikamwekea sheria: akitoka kazini, koti la baridi linatundikwa msumarini mlangoni kabla hajagusa kitabu. Na kila alipoanza, "Lakini kwa kawaida ghalani...", nilipiga kelele, "Vua koti!" Hata akiwa amelivua. Wateja wangu wakaizoea kelele hiyo. Mama mmoja mwalimu wa chekechea, aliyekuja kupunguziwa mikono ya gauni, alikaa saa mbili akibishana nasi kuhusu kwa nini mji fulani una ajali nyingi, akaondoka bila gauni, kesho yake akarudi kuuliza jibu lilikuwa lipi.

Aisee, tulifurahi! Sijawahi kuona nyumba mbili za vyumba viwili zikisikilizana kelele kiasi kile, maana jirani naye alikuwa akijibu kupitia ukutani. Dada alianza kupata kumi katika ishirini, akaenda kumi na tatu, akakwama hapo siku nne akakosa hamu ya kula, kisha akaruka kumi na saba. Kwenye vifungu vya nyota na sarafu za kale alipata zote, kwa kuwa hajawahi kupokea nyota ghalani. Vilivyomtesa ni vya viwanda, usafiri na dawa. Hivyo tulivirudia mpaka kitabu kikaachana na jalada lake. Alikuwa akisoma kwenye foleni ya benki, akisoma huku anamenya viazi. Siku moja alinirudishia hoja yangu mwenyewe, niliyomwambia kwamba tangu niache kumwazima jirani pasi yangu, mvua zimekuwa nyingi, akaivunja vipande vitatu, na akanipangia vipande hivyo kwa vidole. Nilikasirika na kujivuna kwa wakati mmoja.

Siku ya mtihani nilifunga kazi nikamsindikiza. Jengo lilikuwa refu, la vioo, na mlinzi wake alinionyesha ngazi za nje nikakae. Dada aliweka simu na mkoba kwenye kabati la kufunga kwa ufunguo, akapekuliwa mpaka kwenye mikunjo ya suruali, akageuka kunitazama mara moja, akaingia.

Saa tatu nilizokaa pale sizitakii adui yangu. Nilianza kushona kifungo, nikakishona upande usio wake. Nilimwomba Mungu, nikagombana naye, nikamwomba radhi. Watu walitoka mmoja mmoja, wengine wanacheka, wengine wanatazama chini, na kila mlango ulipofunguka nilisimama.

Akatoka. Uso mkavu, kama mtu aliyetoka kukagua mzigo.

"Kulikuwa na kifungu cha dawa," akasema kabla sijafungua mdomo. "Kinasema chanjo yao hiyo ikiganda haidhuriki. Chanjo! Ikiganda! Mdogo wangu, nyingi zikiganda ni za kutupa."

"Ukajibuje?"

"Nilivyoandikiwa. Maswali yote matatu. Nimekubaliana na upuuzi ule kutoka mwanzo hadi mwisho."

"Na alama, Dada? Alama!"

Akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne. Nilishindwa kuikunjua. Akaikunjua yeye. Hesabu zilikuwa juu, sikuzitazama. Chini yake, lugha: thelathini na nane.

Nilipiga yowe ambalo nadhani walilisikia mpaka ghorofa ya mwisho. Nikamrukia, tukakaribia kuanguka ngazini. Kifungo, kitambaa, mkasi, vyote vikatawanyika. Dada hakupiga kelele. Alikaa chini, akashika ile karatasi kwa mikono miwili, machozi yakaanza kumtoka.

"Nilijua kabisa kuwa mimi ni mjinga," akasema. "Tangu ile kumi na tisa. Kazini nilikuwa natoa amri na ndani najiambia, siku watakapojua... Nilikuwa nimeshakubali. Hata wewe nilikuwa nakuridhisha tu."

"Wiki zote sita?"

"Mpaka leo asubuhi."

Hapo ndipo nilipolia na mimi, lakini kwa hasira. Nikaanza kumgombeza pale pale mbele za watu. Kwamba mtu anaishi na mimi vyumba viwili, anakula chungu kimoja nami, na anabeba mzigo wa namna hiyo kimya kimya! Kwamba kama angekuwa mjinga, mimi niliyeshindana naye jioni zote nilikuwa nani? Nilimwambia asithubutu, asithubutu tena, huku nampiga begani kwa kiganja, naye analia na kutikisa kichwa na kusema, "Ndiyo, ndiyo, nimesikia," na tukashikana tukalia pamoja kwa sauti mpaka watu wakawa wanatuzunguka kupita.

Mlinzi alituvumilia kwa muda. Mwishowe akatusogelea, akavua kofia, akauliza kwa upole ni yupi kati yetu aliyefeli.