"Par for the Course," Alisema Sir

Msemo huu siupendi, na nitawaambia kwa nini. Sir, msimamizi wetu katika mkahawa wa klabu ya gofu huku Dubai, alikuwa nao mdomoni kutwa. Basi la kututoa International City tulikoishi likichelewa, "Par for the course." Kiyoyozi cha jikoni kikifa, yeye na "par for the course" yake.

Siku moja nilimuuliza maana, akafurahi kweli. Alinieleza kwamba kila shimo la gofu lina idadi ya mipigo inayotarajiwa kwa mchezaji hodari. Jumla ya uwanja mzima, hiyo ndiyo par. Ukiipata hupigiwi makofi wala huzomewi. Wenye Kiingereza chao wakautoa msemo uwanjani, sasa wanausema jambo likitokea vilevile ulivyotazamia, hasa likiwa baya. Nikacheka. Kwetu tungesema tu, ndizo zao, na maisha yaendelee.

Kisha mama akafariki. Kwetu mzazi hazikwi kabla kifungua mimba hajafika, kwa kuwa yeye ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Kifungua mimba ni mimi.

"Dada, mama yuko mochari," mdogo wangu aliniambia kwa simu. "Tunakungoja. Kawia ufike."

Nikaenda kuomba ruhusa. Sir alinipa pole, na pole yake ilitoka moyoni, sitamsingizia. Lakini klabu ilikuwa na mashindano na wahudumu hawakutosha. Wiki ijayo, inshallah. Wiki ijayo ikaja na karamu ya washindi. Niliporudi kwake aliitazama ratiba, akashusha pumzi, akasema msiba na mashindano kuja pamoja, par for the course.

Wallahi nilitamani kumrushia trei. Mama yangu amelala kwenye barafu, na huyu ananiambia nisishangae!

"Sir, mama hufa mara moja tu," nilimwambia.

Baada ya karamu akaniruhusu.

Nilikimbilia madukani Bur Dubai kununua shuka jeupe la kumfunika mama, lenye nakshi pembeni, maana alipenda vitu vizuri. Nikiwa bado dukani nikampigia mdogo wangu kumwambia nimepata tiketi.

"Dada, tulizika jana. Udongo wa kwanza nilitupa mimi."

"Bila kuniambia?"

"Wazee walisema tusikungoje tena. Baba alipougua ulisema unakuja. Harusi yangu pia ulisema unakuja."

Nikaanza kumweleza habari za Sir, mashindano, karamu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitaka anigombeze, anitukane hata, nijue kwamba walinitazamia.

"Usijali, dada," akasema kwa upole. "Ndizo zako. Hakuna aliyeshangaa."