Utepe wa Kijani

Kinyaa kilinianza kabla sijapiga hata hatua ya kwanza. Tuliambiwa nusu marathoni inaanza saa kumi na mbili asubuhi kamili. Saa kumi na moja na nusu nilikuwa uwanjani. Mwanangu wa miezi minane nilikuwa nimeshamnyonyesha na kumwacha kwa mama yangu. Nilipanga saa tatu niwe nimemaliza, nirudi kabla matiti hayajajaa na kuuma. Mipango ya mjinga.

Saa kumi na mbili ikapita. Saa moja ikapita. Mamia ya watu tumesimama, tumepasha misuli mpaka imepoa tena, kwa sababu mgeni rasmi hajafika, na bila mgeni rasmi kupuliza honi hakuna anayekimbia. Mshereheshaji anatupigia muziki na kutulazimisha tupige makofi. Choo cha kwanza nilichofungua mlango niliufunga hapo hapo, nikabana pumzi mpaka nilipofika mbali. Wanaume wao wanakojoa ukutani, wamesimama mstari mmoja, wanapiga stori.

Na mbio zenyewe zilikuwa za kuchangia afya ya mama na mtoto! Fulana zetu zote zina picha ya mama ananyonyesha. Nikamfuata dada mmoja wa kamati, nikamuuliza kama kuna hema lolote la kukamulia maziwa. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Maziwa ya nini?"

"Ya mtoto."

"Mtoto yuko wapi sasa?"

"Nyumbani."

"Si ungebaki naye?" Akaondoka na karatasi zake.

Niseme ukweli kilichonipeleka pale. Sikuwa natafuta afya. Nilitaka medali. Mimi nauza maharage na karanga sokoni Majengo, na cheti changu cha kidato cha nne hakuna mtu amewahi kuniomba nikionyeshe. Sijawahi kushinda kitu. Halafu mtoto alipofikisha miezi miwili, mama mkwe akasema mbele yangu, kama vile mimi ni gunia, "Mwili wa mtoto mmoja umechoka hivi, wa pili itakuwaje?" Mwezi uliofuata nikajiunga na klabu ya jogging ya pale sokoni.

Mwenyekiti wa klabu ni fundi cherehani, mtu mzima, sote tunamwita Kocha. Miezi mitano alikuwa anatusubiri barabarani alfajiri na filimbi yake. Ndiye aliyenifundisha kupumua kwa tumbo, ndiye aliyenifundisha kutembea mlimani bila aibu. Wiki nilizotaka kuacha alikuja mpaka kwenye kibanda changu, akasimama tu pale mpaka nikacheka. Nilikuwa namwamkia shikamoo yangu kwa moyo wote.

Sheria ilikuwa moja. Tunatoka uwanjani, tunashika barabara ya kuelekea Mtumba, tunafika kwenye meza ya waamuzi, tunafungwa utepe wa kijani mkononi, tunageuza. Mwishoni ukifika bila utepe hupewi medali. Utepe ndio ushahidi kwamba ulifika kule.

Mgeni rasmi alifika karibu saa mbili, akahutubia, akasifu akina mama, akapuliza honi. Jua la Dodoma lilikuwa limeshaamka na upepo umeanza kurusha vumbi. Njia nzima ni chupa, maganda ya ndizi na makohozi. Mtu aliyekuwa mbele yangu alikuwa anatema kila hatua kumi, na upepo unanirushia mate yake usoni. Kufika kilomita ya tano fulana yangu ilishalowa kifuani, na sio jasho. Yule mama wa kwenye picha alikuwa ananyonyesha na mimi navuja juu yake. Nilinuka maziwa yaliyochacha. Nikaendelea.

Kwenye kilomita ya nane hivi, karibu na kituo cha mafuta, niliona bodaboda imeegeshwa, na klabu yetu imeizunguka. Kocha yuko katikati na furushi la tepe za kijani. Wenzangu wamemnyooshea mikono kama watoto wanaogawiwa peremende.

"Mama Kichanga!" Ndilo jina walilonipa klabuni. "Njoo, lete mkono."

"Nini hiki, Kocha?"

"Wamenipa za klabu nzima. Geuza hapa, jua kali. Waamuzi wenyewe wanafunga meza."

"Lakini hatujafika."

"Nani atakuuliza umefika wapi? Kule wanaangalia mkono."

Dada mmoja anayeuza vitenge akadakia, "Mtoto analia huko, wewe unajifanya Mkenya?" Wakacheka wote. Mmoja alikuwa ameshapanda bodaboda, viatu vyake havina hata vumbi.

Nilimwangalia Kocha. Nilitegemea aone aibu kidogo. Hana. Alikuwa ananitabasamia vile vile kama alfajiri zote zile. Nikamwambia, "Unanitia kinyaa." Sijawahi kumwambia mtu mzima neno kama hilo. Nikapita.

Baada ya hapo nilikimbia peke yangu. Magari yalikuwa yameanza kuruhusiwa, malori yananipulizia moshi usoni. Vijana wawili walikuwa wanavusha ng'ombe. Nikasimama kuwasubiri wapite, nikakanyaga mavi.

"Mama, unamkimbia nani?" mmoja akauliza.

"Niko kwenye mashindano."

"Mashindano na nani? Wenzako wamerudi na pikipiki."

Walicheka mpaka ng'ombe wakageuka kutuangalia.

Meza niliikuta. Waamuzi sikuwakuta. Kulikuwa na maboksi matupu, nzi, na kiti kimoja cha plastiki kimepinduka. Nilizunguka ile meza yote, nikaigonga kwa kiganja ili mwenyewe nijue nimefika. Nikatafuta chini kama kuna utepe umedondoka. Nilipiga magoti kwenye takataka, nikapekua maboksi na chupa zenye mate ya watu. Hakuna hata mmoja.

Kurudi sikumbuki vizuri. Nakumbuka maumivu ya matiti kuliko ya miguu. Nilipoingia uwanjani walikuwa wanakunja mahema. Saa yangu ilisema nimetumia saa tatu na dakika tano. Nilikwenda moja kwa moja kwenye meza ya medali, ambako bado kulikuwa na foleni fupi.

"Utepe?" dada wa mezani akauliza.

"Nilipofika waamuzi walishaondoka."

"Bila utepe siwezi, dada yangu. Nina medali za mbio za kilomita tano hapa, chukua hiyo."

"Mimi nimekimbia ishirini na moja!"

"Kila mtu anasema hivyo."

Mtu akanigusa bega. Kocha. Mkononi ana utepe mmoja wa kijani, umekunjwa vizuri.

"Nilikuwekea," akasema taratibu. "Nilijua utafika kweli. Nimesimama hapa nakusubiri wewe tu."

Ningeweza kumtemea mate. Neno nililomwambia kule njiani alikuwa amelibeba na bado amenisubiri, na hiyo ndiyo iliyonichefua zaidi. Medali zilikuwa zinang'aa ndani ya boksi. Nikanyoosha mkono. Akanifunga fundo dogo la fundi cherehani, lisilofunguka.

Dada wa mezani hakuniangalia usoni. Akaangalia mkono, akanivisha medali. "Hongera, mwanariadha." Aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni hakuwa na tone la jasho, naye akapewa, naye akaambiwa hongera.

Kisha wakaniita kwenye picha ya klabu. Nilikwenda. Mpiga picha akasema tunyanyue mikono, tepe zionekane. Picha hiyo iko kwenye simu za watu wengi sokoni. Ukiitazama huwezi kujua nani alikimbia na nani alipanda pikipiki, maana sote tunacheka meno yote nje. Na mkono ulionyanyuliwa juu kuliko yote ni wangu.